Moshi wa Jengo la Hajji

Kazi ya moshi niliipata kwa sababu nilikuwa tayari kusoma kitabu cha maelekezo. Si sababu kubwa, lakini ndiyo hiyo.

Wakati huo mimi na mshirika wangu tulikuwa na karakana ndogo Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri. Tuliunganisha stima kwenye nyumba za watu, tulitengeneza pampu za maji, na mara moja moja tuliitwa mbali kidogo kurekebisha mota iliyowashinda wengine. Mshirika wangu alikuwa mzee aliyenifunza kazi tangu nilipotoka chuo cha ufundi. Yeye stima aliijua kwa vidole, mimi niliijua kwa karatasi, na hakuona haya kunitania kwa hilo. Aliniita msichana, ingawa nilikuwa nimepita miaka arobaini na nina binti anayenizidi kimo. Mimi nilimwita Mzee.

Siku moja akatujia mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi kutoka Nanyuki, mtu mnene mwenye sauti ya chini na kofia nyeupe, ambaye kila mtu alimwita Hajji. Alikuwa anamalizia jengo la orofa tano katikati ya mji: maduka chini, ofisi na karakana za kushona katikati, vyumba vya wageni juu. Wapangaji wa kwanza walikuwa wameshaingia, lakini mkaguzi wa majengo alikuwa amekataa kulipitisha. Ngazi zilikuwa katikati kabisa ya jengo, hazina hata dirisha moja, na korido za kila orofa zilikuwa ndefu na zimezibwa pande zote. Mkaguzi alimwambia kwamba moto ukitokea humo, moshi utawafikia watu kabla ya moto wenyewe, na hawataona hata mlango ulipo. Basi Hajji akaagiza mtambo wa kuondoa moshi. Ulifika katika masanduku manane ya mbao, na fundi aliyekuwa ameahidi kuufunga akapata kazi ng'ambo, akaenda zake.

Hajji alikitandaza kitabu cha maelekezo kwenye meza yetu. Mzee alikipindua mara mbili, akakirudisha. Alisema moshi tangu zamani hupanda wenyewe, na kinachohitajika ni tundu kwenye paa tu. Mimi nikakichukua, nikaenda nacho nyumbani, nikakisoma siku tatu.

Nilimpigia mama simu Kangema kumwambia kwamba nimepata kazi ya kutoa moshi mjini. Akauliza kama watu wa mjini wameacha kufungua mlango.

Hakuwa mbali na ukweli. Nilikua katika jiko lake la kuni, na nakumbuka vizuri kwamba asubuhi za baridi, tulipofunga mlango ili tupate joto, moshi ulishuka mpaka kwenye macho yetu, ingawa nafasi iliyoachwa chini ya paa ilikuwa wazi. Mama alikuwa akiusukuma mlango kwa mguu, hewa inaingia chini, na moshi unaondoka juu. Kitabu cha Hajji kilikuwa na kurasa mia moja na zaidi, lakini sehemu kubwa ilieleza jambo hilo hilo, kwa waya na mota.

Mtambo wenyewe, ukishatolewa kwenye masanduku, haukuwa wa kutisha. Kwenye dari ya kila korido tulifunga vihisi, vile vidude vyeupe vya duara vinavyonusa moshi. Waya zake zinashuka hadi kwenye paneli, sanduku jekundu ukutani karibu na lango kuu, ili wazimamoto wakifika walione kabla ya kitu kingine. Ndani ya kuta kulikuwa na mashimo mawili marefu yaliyopanda kutoka chini hadi paani, moja kila mwisho wa korido. La kwanza lilikuwa la kutoa moshi, na juu yake paani tuliweka feni kubwa. La pili lilikuwa la kuingiza hewa safi, na mdomo wake ulikuwa chini kabisa, nyuma ya jengo. Kila orofa ilikuwa na kilango cha chuma kwenye kila shimo, na vilango hivyo hukaa vimefungwa siku zote. Kihisi kikinusa moshi orofa ya tatu, paneli inafungua vilango vya orofa ya tatu peke yake. Vya kwingine vinabaki vimefungwa, la sivyo moshi utawatembelea majirani. Feni inaanza kuvuta. Moshi unatoka upande mmoja, hewa safi inaingia upande wa pili, na kwenye paa juu ya ngazi dirisha linafunguka lenyewe ili moshi wowote uliopenya huko upate pa kutokea. Lifti inashuka chini na kukaa huko mlango wazi. Stima ikikatika, paneli ina betri zake na feni ina jenereta. Yote hayo hufanyika kabla mtu hajamaliza kuuliza kuna nini.

Hajji hakulipenda lile shimo la hewa safi. Alikuja siku ya tatu ya kazi akalitazama kwa muda mrefu.

"Binti, mimi nimenunua feni ya kuvuta moshi," akasema. "Sasa shimo la kuleta upepo ni la nini? Upepo si ndio unaochochea moto?"

Nikamwomba anunue soda ya chupa. Nilimwambia auzibe mdomo wa chupa kwa midomo yake na avute mfululizo, asiachie hewa kuingia hata kidogo. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani na chupa ikamng'ang'ania mdomoni, na soda ikagoma. Nikamwambia feni nayo ni hivyo hivyo: hewa isipoingia, moshi hautoki. Kuhusu kuchochea moto, nilimweleza kwamba hewa ile hupita koridoni, ambako hakuna cha kuungua, na milango ya vyumba inatakiwa ikae imefungwa. Alimaliza soda yake taratibu huku akilitazama shimo, kisha akasema tuendelee.

Jaribio tulipanga lifanyike Jumamosi asubuhi, mwezi wa Julai, ule wakati ambao ukungu wa mlima hukaa Nyeri kama mgeni aliyekatazwa kuondoka. Moshi wa kujaribia tuliukodi kwa bwana mmoja wa Naro Moru anayepiga muziki kwenye harusi. Ana mashine inayotoa moshi mweupe wa kunukia vanila, ile inayofanya bwana na bibi harusi waonekane wakicheza mawinguni. Mimi niliingia na mashine kwenye korido ya orofa ya tatu, mlango ukafungwa. Mzee alikaa chini kwenye paneli. Kwenye ngazi, nje ya mlango wangu, walisimama Hajji, mkaguzi, na msimamizi wa jengo.

Msimamizi huyo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwalimu mstaafu wa chekechea, na sote tulimwita Mwalimu. Alitembea na funguo nyingi kiunoni na alijua mpangaji gani ananuna na kwa nini. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini, nyuma ya jengo.

Niliwasha mashine. Moshi ukapanda darini, kihisi kikaunusa, king'ora kikalia. Nikasikia vilango vikifunguka na feni ikianza kunguruma paani. Moshi ulianza kujongea upande ule ule tulioutaka, nikafurahi. Kisha ukasita. Ukaanza kujizungusha, ukashuka, na muda si muda sikuweza kuona mikono yangu.

Nikaona niende zangu nje nikawaeleze kwamba kuna jambo. Niliusukuma mlango. Haukusogea. Nikausukuma kwa bega. Ulikuwa kama umepigwa misumari.

Nilijua vizuri kwamba ule ulikuwa moshi wa harusi na hauwezi kumdhuru mtu. Lakini mwili wangu haukujua. Nilipiga ule mlango kwa ngumi. Nilimsikia Mwalimu upande wa pili akisema mlango umekwama, na nikahisi wakivuta, kwanza yeye, halafu na wengine. Kilichotuokoa ni kwamba Mzee, kule chini, aliona taa kwenye paneli zinawaka zaidi ya muda tulioafikiana, akaizima feni bila kuuliza mtu. Mlango ukaachia ghafla. Watu watatu waliokuwa wakiuvuta walirudi nyuma kwa pamoja, na nilipotoka na wingu langu la vanila nilimkuta Hajji amemkalia mkaguzi mapajani.

Mkaguzi alijipangusa suruali, akatoa kalamu, akaandika kwa muda mrefu.

Jibu nilikuwa nimelipata tayari, kwa sababu ya ile chupa. Feni ilikuwa inavuta na hewa haiingii. Korido nzima ilikuwa inanyonywa kutoka ndani, na mlango, unaofungukia nje kwenye ngazi, ulikuwa umenyonywa ukashikamana na fremu yake. Mzee alichukua tochi akazunguka nyuma ya jengo kuliangalia lile shimo la hewa. Alirudi amebeba magunia matatu na godoro kuukuu.

Mwalimu alilitazama godoro, kisha akatazama chini.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Fundi, upepo ya hapo nyuma inatoka kwa mlima moja kwa moja, inaingia kwa chumba changu. Niko na miguu mbaya. Nilidhani hiyo tundu mafundi walisahau, nikaiziba."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemweleza Hajji kwa soda, nimemweleza mkaguzi kwa michoro, nimemweleza hata bwana wa muziki wa Naro Moru ambaye hakuuliza. Huyu aliyekaa hatua nne kutoka kwenye lile shimo kila siku, mwenye funguo zote za jengo, sikuwa nimemwambia lolote. Nilisema hivyo hapo hapo mbele yao wote, na nilimwomba radhi.

"Sasa niambie," akasema Mwalimu. Hakuwa na kinyongo, alitaka kujua tu.

Nilimpeleka kila mahali. Nilimwonyesha paneli na taa zake, nikamfungulia vilango, nikampandisha paani, ambako hakuwa amewahi kufika. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na alisimama kando ya feni akitazama mji, mkono mmoja kwenye kofia yake ya sufu. Maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya mkaguzi. Aliuliza itakuwaje moshi ukiingia orofa mbili kwa wakati mmoja. Nilimwambia ukweli, kwamba mtambo umetengenezwa kushughulikia orofa moja, ile iliyotangulia kunusa moshi, na ndiyo maana milango lazima iwe imefungwa, ili moshi usipate wa kumtembelea. Aliuliza wapangaji wanaoweka mawe kuizuia milango isijifunge wanamaanisha nini. Kuanzia wiki hiyo alipita kila korido asubuhi na jioni akiokota mawe, na kufikia Septemba alikuwa na rundo la kutosha kujengea banda la kuku.

Tulirekebisha yaliyobaki. Kwenye chumba cha Mwalimu kulikuwa na mlango mdogo wa kuingilia kwenye lile shimo kwa ajili ya kulisafisha, na upepo wake wote ulipita kwenye nyufa za huo mlango. Tuliuzungushia mpira, baridi ikaisha. Nje tuliweka wavu wa chuma kwa umbali wa hatua moja, ili asije mwingine mwenye godoro. Tena tulipokuwa tukikusanya vyombo, nilikuta kihisi kimoja kidogo ambacho Mzee alikuwa amekiweka pamoja na vipuri vya ziada. Hakikuwa cha ziada. Kilikuwa cha kupima nguvu ya feni inavyovuta, ili ikizidi, feni ipunguze mwendo yenyewe na mlango uendelee kufunguka. Mzee alikigeuza kiganjani.

"Msichana," akasema, "kitabu nacho si kibaya sana."

Hajji kwa upande wake alimletea Mwalimu ngozi ya kondoo kutoka Nanyuki ya kutandika miguuni. Siku ya jaribio la pili alikuja pia na mizani yake ya ndoano, ile ya kupimia nyama, na mkaguzi akaitundika kwenye mkono wa mlango na kuuvuta, kuona unahitaji nguvu kiasi gani huku feni ikinguruma. Mlango ulifunguka kama wa kabati. Safari hii Hajji alisimama mbali.

Moto wa kweli ulitokea Januari iliyofuata, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Orofa ya pili kulikuwa na mama aliyefuma sweta za shule, yeye na wanawake wanne, na wiki ile chumba chao kilijaa sweta za kijani mpaka hawakuonana. Mimi nilikuwa nimekuja kukagua betri za paneli, na nilikuwa nimeketi na Mwalimu tukinywa chai, kama saa nne asubuhi, king'ora kilipolia.

Nilidhani ni mimi nimegusa kitu. Nikatazama paneli: orofa ya pili. Mwalimu alikuwa ameshasimama. Aliacha kikombe, akafungua lango kuu pande zote mbili, akanituma nikapige simu kwa wazimamoto, naye akaenda chini ya ngazi na kuanza kuita watu kwa ile sauti ya chekechea isiyobishwa.

Baadaye tulielezwa kwamba pasi iliachwa juu ya rundo la sweta, mmoja wao akaenda kuchukua vifungo. Uzi ule haukuwa sufu ya kondoo, ulikuwa wa kiwandani, na moshi wake ni mweusi na mzito, unachoma koo. Wanawake walitoka mbio wakiufunga mlango wa chumba nyuma yao, lakini moshi ulikuwa umeshawatangulia koridoni. Mama wa sweta aliniambia kwamba walipofika huko aliona jambo ambalo hakulitarajia: moshi ulikuwa juu, umejipanga darini, unakwenda upande wa kushoto kama unaitwa, na chini yake palikuwa wazi kiasi cha mtu kupita akiinama. Kwa nyuma alihisi upepo baridi miguuni. Waliinama, wakashikana nguo, wakafika mlangoni, ukafunguka.

Walishuka wakikohoa, nyuso nyeusi, wamekamilika. Mwalimu aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Ngazi zilikuwa safi na watu wa orofa za juu walishuka humo kwa mwendo wa kawaida, wengine na mikoba yao. Aliyekosekana alikuwa Hajji. Alikuwa amelala kwenye chumba chake cha wageni orofa ya tano, na tulijua goti lake linamsumbua.

Nilipanda kumtafuta. Nilimkuta orofa ya pili, amesimama kwenye ngazi mbele ya kioo kidogo kilicho kwenye mlango wa korido, mkono mmoja ukutani. Upande wa pili wa kioo moshi mweusi ulikuwa unapita, na yeye upande huu alikuwa anapumua hewa ya kawaida tu. Alikuwa anatazama kama mtu anayetazama mto.

"Unaondoka," akaniambia polepole. "Binti, tazama, unaondoka kweli."

Kutoka chini tukamsikia Mwalimu. "Hajji, shuka," akaita. "Utaangalia ukiwa nje." Akashuka, nikiwa nimemshika mkono.

Wazimamoto walifika, wakaielewa paneli mara moja, wakaiacha feni ivute. Waliona njia yao mpaka kwenye chumba na wakauzima moto kabla haujatoka humo. Hasara ilikuwa meza mbili, mashine moja ya kufuma na sweta zote za shule moja, ambayo wanafunzi wake walianza muhula kwa makoti ya nyumbani ya kila rangi. Mama wa sweta alilia siku ile, na kesho yake akaanza kufuma upya katika chumba cha mkutano cha orofa ya kwanza, ambacho Hajji alimwachia hadi chake kilipopakwa rangi.

Mimi na Mzee tulikaa wiki nzima tukisugua masizi kwenye vilango. Hajji alikuja na ombi. Alitaka karatasi ya kubandika karibu na mlango wa ngazi wa kila orofa, inayomweleza mtu afanye nini na mtambo unafanya nini, kwa Kiswahili ambacho mgeni yeyote wa kulala ataelewa. Niliandika ukurasa mzima. Nilikuwa nimesoma kitabu, nikaona nisiache kitu. Nilianza kwa maneno "mfumo wa udhibiti wa moshi".

Mwalimu aliusoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, miaka yote ile ya kazi haijamtoka. Alikata mstari wa kwanza. Akakata wa pili. Aliniuliza mtu aliye na moshi machoni atasoma mpaka wapi. Tulibishana kuhusu neno "kihisi", akasema hajawahi kulisikia sokoni, nami nikasema godoro nalo halimo kwenye kitabu cha maelekezo, tukacheka. Mwishowe akageuza karatasi upande wa pili na kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za ubaoni: funga mlango nyuma yako, inama, fuata upepo baridi kwa ngazi, shuka, usirudi kuchukua kitu.

Nikamwambia neno "kwa ngazi" haliko sawa, inafaa iwe "hadi kwenye ngazi". Akanitazama juu ya miwani yake.

"Fundi," akasema, "watafika?"

Nikasema watafika. Akatuma zikachapishwe tano.